Vitu vya bibi Magomeni: shajara ya kuvitambua na kuvipangia bei

JUMAPILI, SIKU YA 1

Arobaini ya bibi ishapita, jana ndo familia imekaa kikao pale Magomeni Mapipa, na kikao chetu cha saa moja kama kawaida kikaenda mpaka adhana ya Magharibi. Nyumba haina ugomvi, inabaki ya familia na vyumba vinapangishwa. Tatizo ni vitu vya ndani. Bibi kaacha watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, babu alishatangulia zamani, shehe akapiga hesabu pale pale: mafungu saba, kila mwanaume mawili, kila mwanamke moja. Sasa utagawa vipi kasha moja, mrashi mmoja na bati la sarafu kwa mafungu saba? Lazima kila kitu kiwe na bei.

Hapo mjomba mkubwa akasema kasha peke yake linafika milioni 20 maana kuna mzungu aliliulizia mwaka 1994 akiwa amesimama barazani. Kaliulizia tu, hakutoa hata senti, ila hiyo milioni 20 mjomba anaitembeza mpaka leo.

Mimi nauza vyombo vya plastiki Kariakoo, si mtaalamu wa chochote, lakini nilifanya kosa la kusema "hivi vitu vinaweza kuangaliwa mtandaoni" basi kazi ikawa yangu. Nimepewa wiki sita. Naandika hapa ili nisijichanganye na ili siku ya kikao mtu asije kuniuliza "hiyo bei umeitoa wapi" nikabaki natoa macho.

Sheria niliyojiwekea leo: kila kitu kinapata namba, picha nne (mbele, nyuma, chini, na alama yoyote iliyogongwa), vipimo kwa tepu ya fundi cherehani, na uzito kama kinaingia kwenye mzani. Na hakuna kusafisha kitu, narudia HAKUNA KUSAFISHA, nimeliandika hilo kwenye grupu la WhatsApp la familia kwa herufi kubwa.

JUMANNE

Kabati la vioo. Nilidhani litanichukua saa moja, limekula siku nzima.

Somo la kwanza nimelipata kwenye vitako vya vyombo. Geuza sahani, soma. Ikiwa imeandikwa jina la nchi, hiyo tayari inakupa mpaka wa chini wa mwaka kilipotengenezwa, kwa sababu Marekani walipitisha sheria ya forodha mwaka 1890 kwamba bidhaa inayoingia kwao iandikwe nchi ilikotoka, viwanda vya Ulaya vikaanza kugonga jina la nchi kwenye mali yao, na yale maneno "Made in" mbele ya nchi yanazoeleka zaidi baadae, miaka ya 1910 na 1920. Kwa hiyo ukiona chombo kimeandikwa "Made in" halafu mtu anakwambia ni cha miaka 200, mwitikie tu kwa heshima yake.

Masinia mawili ya bati la kupakwa enameli, yana maua mekundu, chini yameandikwa Czechoslovakia. Mama mkubwa anasema yalikuwa ya mama yake bibi "enzi za Mjerumani". Haiwezekani, hiyo nchi imezaliwa 1918 na imegawanyika mwisho wa 1992, Mjerumani kashaondoka huku. Nikimwambia hivyo ataninunia. Nimeandika "1918 mpaka 1992, inaelekea miaka ya 50" nikanyamaza.

Seti ya chai ndo ilinipa presha. Buli, bakuli la sukari, kijagi cha maziwa, zinang'aa kama fedha, na zimegongwa herufi nne EPNS. Babu alikuwa mpishi kwa wazungu Oysterbay miaka ya hamsini, walipoondoka wakamwachia, na humu ndani imekuwa ikiitwa "seti ya fedha" toka nazaliwa. Kumbe EPNS maana yake ni chuma cha nikeli na shaba kilichochovywa fedha juu kwa umeme, utando mwembamba tu. Kwenye mdomo wa buli utando ushalika, unaona rangi ya njano inachungulia. Fedha ya kweli ya Uingereza inakuwa na simba anayetembea, na alama ya mji kama nanga ya Birmingham, na herufi ya mwaka. Hapa hamna simba wala paka.

Kilichonifurahisha ni mabakuli matatu ambayo hakuna mtu alikuwa anayajali, yalikuwa yanawekewa ndimu na pilipili. Yana maua yaliyogongwa kwa sponji, rangi imevuka mstari kidogo, na kitakoni kuna picha ya sfinksi na jina Petrus Regout, Maastricht. Uholanzi. Mabakuli ya namna hii yaliletwa kwa wingi Pwani na ndo yaliliwa wali kwenye nyumba nyingi za mwambao kabla bati na plastiki (samahanini, na mimi nimo kwenye hilo kosa) havijayaua. Moja lina ufa mrefu. Ukiligonga kwa kucha linatoa sauti ya kufa, yale mengine mawili yanalia tiiing. Ufa unashusha bei karibu yote.

ALHAMISI

Leo sitaandika vizuri maana nina hasira.

Bati la sarafu, lile la biskuti, nililiacha juu ya friji Magomeni. Mtoto wa binamu yangu, ana miaka kumi na moja, mtoto mzuri sana, akataka kunisaidia. Kachukua ndimu na majivu kasugua sarafu ZOTE isipokuwa zilizokuwa kwenye kitambaa. Nimefika nakuta zimepangwa kwenye ungo zinawaka kama vifungo vya askari na yeye anatabasamu anasubiri nimsifu. Ungefanyaje? Nikamsifu. Nikaenda uani nikakaa kwenye kinu dakika kumi.

Kwa wasiojua: ule weusi na ukahawia kwenye sarafu ya zamani si uchafu, ni ngozi ya chuma chenyewe ilivyoungana na hewa miaka na miaka, na wakusanyaji wanailipia. Ukisugua umekwangua uso wa sarafu, unabaki na mistari midogo midogo ambayo kwenye kioo cha fundi saa inaonekana kama jamvi limekwaruzwa. Hairudi tena.

Iliyoniuma kupita zote ni heller 5 ya 1909. Hiyo ni dude la shaba, upana milimita 37 na uzito gramu 20, Mjerumani aliitengeneza 1908 na 1909 tu kwa ukubwa huo, alafu watu wakaichoka kuibeba akaja na ndogo yenye tundu katikati. Ilikuwa nyeusi nyororo kama chokoleti. Sasa hivi ina rangi ya sufuria mpya. Nimeiandika "imesafishwa", na hiyo ndo itakayosomeka kwenye orodha.

Kwenye grupu nimeandika tena kuhusu kusafisha, mjomba mdogo akajibu kwa emoji ya kucheka.

JUMAMOSI, bado sarafu

Hasira zimepungua, nimezipanga kwenye trei za mayai kwa makundi.

Za Mjerumani. Mwanzoni ilikuwa rupia moja kwa pesa 64, hesabu ya kihindi, mwaka 1904 ndo wakabadili ikawa rupia moja kwa heller 100. Tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg, na T, hii ndo tamu, ni TABORA. Vita vya kwanza Mwingereza kafunga bahari, sarafu haziingii, kwa hiyo 1916 wakajigongea wenyewe pale Tabora kabla Wabelgiji hawajauchukua mji mwezi wa tisa mwaka huo huo. Bati lina T saba! Sita za heller 20 na moja ya heller 5. Baba yake bibi alikuwa kibarua wa reli Tabora, kwa hiyo mimi naamini kabisa zilitoka mfukoni mwake, ingawa imani haina safu kwenye orodha.

Mjomba kusikia Tabora akapiga simu saa tano usiku. Kaona mtandaoni sarafu ya Tabora yenye tembo inauzwa mamilioni. Ni kweli mjomba, lakini ile ni rupia 15 ya DHAHABU, gramu 7 na kidogo, zilitoka kama 16,000 hivi basi, na feki zake zimejaa dunia nzima. Hizi zetu ni shaba za njano na nyekundu, ziligongwa kwa mamia ya maelfu, na zilizofanana na zetu nimeona zimeuzwa dola kumi mpaka ishirini na kitu zikiwa hazijaguswa. Zetu zimepigwa ndimu. Wakusanyaji wanazitofautisha mpaka kwa ukubwa wa taji na namna mikia ya herufi L kwenye neno Heller ilivyochongoka au kujikunja, nimekaa na kioo nikahesabu mikia ya L mpaka macho yakatoa machozi, zote za kawaida.

Hapa niseme kitu kuhusu bei za mtandaoni kwa sababu ndo kinachowachanganya watu wote wa familia yangu. Bei anayoitaka muuzaji si bei. Mtu anaweza kuweka heller yake dola 5,000 ikakaa hapo miaka mitatu mpaka inaota ukungu. eBay kuna sehemu unachagua uone vilivyokwisha uzwa peke yake, hapo ndo unaona mtu alitoa kiasi gani kweli. Tofauti unaweza kulia.

Za Mwingereza. Shilingi za simba na milima, za kuanzia 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, zilizokuja 1948 na kuendelea hazina kabisa. Kuna senti 10 za tundu za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu kabla hajamaliza mwaka, kijana mmoja Kariakoo akaniambia hizo ni adimu sana niuzie laki tano. Wapi, ziko tele. Sarafu ya tundu haina sura ya mfalme ndo maana waliwahi kuzigonga nyingi. Bibi alikuwa nazo kumi na nne.

Za Nyerere za 1966, samaki, mbuni, sungura: mtungi mzima. Zinapendeza. Basi.

Na moja ya Zanzibar, pesa ya Sultan Barghash, shaba, ina mizani na mwaka 1299. Mdogo wangu akaruka, "ya mwaka elfu moja mia mbili!" Ni mwaka wa Hijria baba, sawa na 1882.

JUMATATU, REALE

Zile nne zilizokuwa kwenye kitambaa, alhamdulillah zimenusurika ndimu. Reale, zile kubwa nyeupe zenye mama mnene, zimeandikwa 1780. Bibi alikuwa anatuonesha Idi tu.

Ule mwaka ni mtego. Yule mama ni Maria Theresa wa Austria, alikufa 1780, na kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni na Habeshi na huku kwetu walikuwa hawataki sarafu nyingine yoyote ila ile ile yenye sura ile ile, viwanda vikaendelea kuigonga na mwaka ule ule, Vienna, London, Roma, Bombay, karne ya 19, karne ya 20. Kwa hiyo 1780 haikwambii chochote kuhusu umri. Kinachobaki ni fedha: iliyo halali ina gramu 28.07, fedha 833 kwa 1,000.

Sasa jinsi ya kujua bila kuikwaruza. Nimenunua mzani wa kidijitali Kariakoo unaosoma mpaka 0.01, elfu 25. Unapima sarafu kavu. Alafu unaweka glasi ya maji juu ya mzani, unarudisha sifuri, unaifunga sarafu uzi mwembamba unaizamisha ininginie bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosoma ndo ujazo wake. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Fedha tupu ni 10.49, fedha ya reale iliyochanganywa na shaba inakuja kama 10.2, shaba ya njano iko nane na kitu.

Ya kwanza: 28.03 gawa 2.75, ikaja 10.19. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni.
Ya pili: 27.91 gawa 2.74, ikaja 10.19 tena.
Ya tatu imechomelewa kitanzi cha kuvaa shingoni, imelika, kitanzi kinavuruga hesabu ila ni fedha.
Ya nne: 24.30 gawa 2.87. 8.47. Shaba iliyopakwa!

Nikarudia mara tatu. Kisha nikaangalia ukingo: zile za kweli zimezungushiwa maandishi yaliyotuna, JUSTITIA ET CLEMENTIA, ya nne ina mikwaruzo tu imepigwa na tupa. Kuna mtu alimpiga bibi, au alimpiga mama yake bibi, na huyo mtu hatutamjua.

Mchana nikapanda mwendokasi mpaka Posta nikaingia kwa sonara mmoja mtaa wa Indira Gandhi. Mzee wa Kihindi, hana maneno mengi. Elfu 50 moja, nikabembeleza, elfu 55. Ya kitanzi 45, anasema risasi ya kuchomelea inamharibia akiyeyusha. Nilipomwonesha ya nne akaidondosha juu ya kaunta tu, ikalia "ko", akanirudishia bila kuipima. Mimi nimehangaika na uzi na glasi nusu siku.

Nikampa na mrashi. Ule wa shingo ndefu wa kunyunyizia marashi ya waridi harusini, hauna muhuri wowote, ambayo kwa kazi za Kihindi na za Kiarabu ni kawaida sana, kutokuwa na muhuri si ushahidi wa ufeki. Akausugua kidogo chini ya kitako kwenye jiwe jeusi, akadondosha tindikali, akaangalia rangi: fedha ya 80 kwa 100. Gramu 210. Laki nne. Hiyo ni fedha peke yake kwa uzito, ile kazi ya maua ya kuchonga hajailipia hata senti kwa sababu kwake yeye inaenda kwenye moto. Nilitoka mbio kama nimeiba.

JUMATANO, KASHA

Nimemleta fundi seremala mzee kutoka Keko, elfu 30 na nauli. Pesa nzuri kuliko zote nilizotumia kwenye huu mradi.

Hakuliangalia mbele kwenye misumari ya shaba inayong'aa ambako wote tunaangalia. Alilipindua. Kaangalia tako, mgongo, na ndani ya saraka, kwa sababu anasema fundi anayefoji anapamba uso, hachoki na mgongo. Matokeo yake:

Mbao ni mvule, sio msaji. Makasha yaliyokuja na majahazi kutoka Surat na Bombay mengi ni msaji, kwa hiyo hili limetengenezwa upande huu huu wa bahari. Si aibu, ila si lile la kwenye hadithi za mjomba. Bawaba mbili zina skrubu za nyota, na skrubu za nyota zimeanza kuuzwa duniani miaka ya 1930, kwa hiyo ama kasha ni la baada ya hapo ama limetengenezwa upya. Akatoa moja: tundu la chini yake lilikuwa na alama ya skrubu nyingine nene zaidi, ya mstari mmoja. Basi limetengenezwa upya, mwili ni wa zamani kidogo kuliko bawaba. Miguu ni mipya, mninga, imepakwa rangi ifanane. Misumari ya shaba, robo hivi imebadilishwa, ile mipya vichwa vyake vinalingana mno.

Na saraka ya siri ipo! Chini ya zile saraka tatu ndogo unavuta ubao pembeni. Familia nzima ilikuwa imejazana mlangoni. Ndani: vipande viwili vya naftalini na mende mkavu.

Fundi kasema laki tisa akipatikana mtu, laki sita ukiwa na shida. Mwenye duka la vitu vya kale niliyemtumia picha akasema laki saba bila kuliona. Nimeandika laki tisa.

Alafu kuna dalali kanipigia, sijui namba kapewa na nani, anauliza kama tuna mlango wa kuchonga kule kwetu Bagamoyo, ana mteja wa nje. Nikamwambia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango na miimo ya kuchongwa ya kabla ya 1940, hutoki nayo nchini bila kibali. Akakata simu. Sijui kwanini nilijisikia vizuri hivyo.

IJUMAA, bangili

Sikupanga kuiandika hii ila nimeona bora.

Chini ya samadari kulikuwa na mfuko wa kitenge, ndani bangili mbili nene, nyeupe ya njano kama jino. Mama akasema "za pembe hizo, za harusi ya bibi yake bibi". Nikahisi baridi. Pembe ya ndovu nchi hii ni nyara ya serikali, kuwa nayo bila kibali ni kosa, na "nimerithi" si kibali.

Niliziangalia na kioo. Mfupa una vidoti vidogo vyeusi na vijistari kama vya kalamu, ndo njia za damu zilizokauka. Plastiki haina kitu, au ina mistari iliyonyooka sana kama imepigwa rula. Pembe ya ndovu ukiangalia pale ilipokatwa kwa mapana unaona mistari inayopishana kama wavu, na huwezi kuifoji kirahisi. Ya kwanza vidoti kibao: mfupa, inaelekea wa ng'ombe. Ya pili... wavu. Au nilikuwa naona wavu kwa woga.

Sikuipiga picha, sikuituma kwenye grupu, sikuipa namba. Tulikaa mama, mjomba mdogo na mimi, tukaenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akatuandikia barua, tukaipeleka kwa maofisa wa wanyamapori tukaikabidhi. Ilichukua siku nzima na soda mbili. Mama alinyamaza njia nzima kurudi. Kwenye orodha haimo.

WIKI YA NNE, haraka haraka

Santuri tisa. Zile nzito nyeusi za 78, ukizikunja zinavunjika, si plastiki ni lakiri. Hadithi ya nyumbani ni kwamba moja ni ya Siti binti Saad, yule aliyesafiri mpaka Bombay kurekodi 1928. Nikafuta vumbi kwenye lebo kwa kitambaa kikavu: muziki wa filamu ya Kihindi. Tatu zina ufa, mbili zimepinda kwa joto maana zililazwa chali juu ya kabati chini ya bati. Santuri zinasimamishwa kama vitabu. Elfu 60 zote.

Madele mawili ya kahawa na upatu. Jamaa wa skrepa alishapita akataka kwa kilo, mdogo wangu alishaanza kuyafunga kwenye gunia!! Dele la shaba nyekundu lililofuliwa kwa nyundo, unaona alama za nyundo ndani na mshono wa meno ubavuni, huwezi kuliuza kwa kilo na mabomba. 240,000 vyote vitatu. Chetezo 80,000.

Nimepita na Makumbusho ya Taifa, Shaaban Robert, nikiwa na picha. Wamenisaidia kutambua vitu viwili vitatu na wananielewesha vizuri, bei hawagusi, na nadhani wako sahihi.

Khanga. Sanduku zima, zaidi ya sitini. Nilianza vizuri: za Urafiki haziwezi kuwa za kabla ya 1968 maana kiwanda kilifunguliwa mwaka huo, za TANU haziwezi kuwa za baada ya Februari 1977, zenye maandishi ya Kiarabu ni kongwe zaidi. Nikafika ya kumi na mbili mama mkubwa akaingia, akakaa juu ya sanduku. Akasema khanga za mama yake hazipigwi bei. Nikamwambia lakini mama mkubwa, kuna mbili pale jozi haijakatwa, watu wa makumbusho ya Ulaya wananunua. Akasema tena, taratibu, neno lile lile. Watagawana wenyewe wanawake. Nimeandika mstari mmoja: "Khanga, hazimo."

JUMAPILI, KIKAO

Orodha kurasa nne, nimechapisha nakala saba, moja kwa kila fungu ili mtu asiseme hakuona. Kasha 900,000. Mrashi 400,000. Chetezo 80,000. Madele na upatu 240,000. Sarafu zote zilizobaki 160,000. Reale mbili 110,000, ya kitanzi 45,000, ya shaba sifuri. Mabakuli ya Maastricht 90,000. Santuri 60,000. Kabati, masinia, seti ya chai na vinginevyo 85,000. Jumla 2,170,000, gawa kwa saba, fungu moja 310,000 kamili. Sikulazimisha ije kamili, imekuja yenyewe.

Kimya. Mjomba mkubwa akavua miwani, akaivaa, akasema nimedanganywa na yule fundi wa Keko, kasha hili ni milioni 20 na yeye hawezi kukubali mali ya mama yake idhalilishwe. Nikaanza kueleza habari za skrubu za nyota. Mama mkubwa akanikatisha, akamgeukia kaka yake:

"Basi kaka, lichukue wewe kwa hiyo ishirini. Mafungu yako mawili ni laki sita na ishirini, hiyo nyingine utatugawia sisi."

Watu wakaangalia chini. Mjomba akakohoa. Akaomba aione tena ile karatasi. Akaisoma muda mrefu, akasema kwa kweli mtoto kafanya kazi, laki tisa ni bei ya haki.

Kwa hiyo kasha ni lake kwa laki tisa, anatakiwa kurudisha 280,000. Mama mdogo kachukua mrashi, kaongeza 90,000 pale pale kutoka kwenye pochi, hakuuliza kitu. Vingine vikaenda. Reale ya shaba hakuna aliyeitaka nikaiomba mimi, na ile heller 5 iliyosuguliwa akapewa mtoto wa binamu, kaiweka mfukoni na ndimu yake.

Kasha lililetwa kwangu kwa kirikuu tangu siku ya fundi maana Magomeni wapangaji wapya walikuwa wanaingia. Bado lipo sebuleni, watoto wanawekea madaftari. Mjomba anasema 280,000 ataleta mwisho wa mwezi.